Mzigo Ulio Hai Usifie Mikononi Mwetu

Askari hufundishwa tangu siku za ukuruta kwamba kazi yake ni kulinda maisha na mali ya raia. Uko mzigo mmoja ambao ndani yake maisha na mali ni kitu kimoja, nao ni mzigo wa viumbe hai. Vifaranga vya kuku vya siku moja, vifaranga vya samaki ndani ya mifuko ya maji, mbuzi na ng'ombe juu ya malori, wote hao ni mali ya mtu maadamu wanapumua. Wakifa njiani mali imetoweka, na mahali pake huzuka ugomvi.

Ugomvi huo hauko mbali nasi. Kakiika, mahali ilipo kambi ya Makenke, ni sehemu ya Jiji la Mbarara, na Mbarara ni soko kubwa la mifugo na maziwa la kusini-magharibi ya Uganda. Kutoka hapo bidhaa huteremka hadi wilaya ya Isingiro na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo wanalima, wanafuga na kufanya biashara. Aghalabu muuzaji na mnunuzi hawajapata kuonana. Fedha imetumwa kwa simu, na mzigo umepakiwa katika gari la mtu wa tatu. Vifaranga 100 vikifika na 40 vimekwisha kufa, kila mmoja humnyoshea mwenzake kidole, na mtu wa kwanza kuitwa ni askari.

Askari huyo afanye nini? Rai yetu ni kwamba asijifanye hakimu. Awe mlinzi wa amani na shahidi mwaminifu wa yale aliyoyaona. Na kabla ya hayo yote, ahakikishe kwamba chanzo cha vifo hivyo si yeye mwenyewe.

Tuanze na hilo la mwisho, kwa kuwa ndilo linalotugusa zaidi. Mfuko wa vifaranga vya samaki hutiwa maji kiasi cha theluthi moja, nafasi iliyobaki hujazwa hewa ya oksijeni, kisha mdomo wake hufungwa kabisa. Hewa hiyo ina saa zake za kuhesabika. Jua likiupiga mfuko, maji hupata joto, samaki hupumua kwa kasi, na hewa huisha kabla ya safari. Kifaranga wa kuku naye huanguliwa akiwa na akiba ya kiini cha yai tumboni, ambayo yaweza kumtunza kwa muda wa siku mbili hivi bila chakula. Lakini akiba hiyo haimkingi na joto la sanduku lililobanwa. Gari la namna hii likisimamishwa kizuizini saa saba mchana, kila dakika inayopita ina gharama, na anayelipa ni raia.

Hatusemi gari lipite bila kukaguliwa. Ugonjwa wa miguu na midomo umepata kuleta karantini katika wilaya za Mbarara na Isingiro mara kadhaa, na hati ya daktari wa mifugo haina budi kuonekana. Tunasema gari hilo likaguliwe mwanzo, chini ya kivuli, na mifuko isifunguliwe. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa mzigo huu ngoja ngoja huua. Na askari anayelichelewesha makusudi ili dereva atoe kitu kidogo, ajue kwamba anaharibu mali yenye thamani kubwa kuliko noti anayoinyemelea.

Sheria nayo imelitazama jambo hili. Sheria ya Uganda ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inashika kanuni ya zamani kwamba hasara humfuata mwenye mali, isipokuwa pande mbili zimepatana vingine. Lakini mzigo ukicheleweshwa kwa kosa la upande mmoja, upande huo ndio hubeba hasara ambayo isingetokea laiti pasingekuwa na ucheleweshaji. Aidha mnunuzi ana haki ya kupewa nafasi ya kuukagua mzigo kabla ya kuhesabiwa kuwa ameukubali. Kwa hiyo maswali makubwa huwa ni haya: mali ilikuwa ya nani ilipokufa, palipatanwa nini, na nani alichelewesha? Kuyajibu ni kazi ya mahakama. Hata hivyo mahakama haiwezi kuyajibu pasipo ushahidi, na ushahidi wa mzoga huoza upesi kama mzoga wenyewe.

Hapa twaweza kujifunza kwa wafanyabiashara wa mbali. Matumbawe ya baharini, ambayo wengi hudhani ni mawe, ni wanyama. Huko Indonesia huvunwa au kukuzwa, hutiwa katika mifuko ya maji, na kusafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani, ambako watu huyafuga ndani ya matangi ya vioo majumbani. Yapo yanayofika yamekufa, na ugomvi wake ni ule ule wa vifaranga. Wauzaji wengi wa matumbawe wameweka desturi kwamba mnunuzi hulipwa iwapo alikipiga picha kiumbe kilichokufa kikiwa bado ndani ya mfuko uliofungwa, na akatoa taarifa katika saa chache baada ya kupokea mzigo. Akikawia, hasikilizwi. Desturi hiyo ina maana yake, kwani kiumbe aliyekufa ndani ya mfuko amekufa safarini, bali aliyekufa baada ya siku tatu bwawani huenda ameuawa na maji ya mwenye bwawa.

Askari aitwaye kwenye ugomvi wa aina hii na afuate njia hiyo hiyo. Aandike katika kitabu cha matukio saa mzigo ulipopakiwa, saa ulipofika, mahali gari liliposimama na kwa muda gani. Wazima na waliokufa wahesabiwe mbele ya pande zote mbili. Aone kama masanduku yalikuwa na matundu ya hewa, na kama mifuko ilitoboka. Picha ipigwe kabla ya kitu chochote kutupwa, na daktari wa mifugo au afisa wa uvuvi aitwe ikiwezekana. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Akishaandika, asimtie dereva mahabusu ili deni lilipwe. Uganda iliridhia mwaka 1995 mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, unaokataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano. Pakiwa na dalili za wizi au ulaghai, hilo ni kosa la jinai, na mtuhumiwa afikishwe mahakamani katika saa 48 kama Katiba inavyoagiza. Ikiwa ni hasara ya biashara tu, njia zipo. Mahakama za Halmashauri za Mitaa, chini ya sheria ya mwaka 2006, husikiliza madai ya mikataba yasiyozidi shilingi milioni 2. Na utaratibu wa madai madogo, chini ya kanuni za mwaka 2011, huchukua yale yasiyozidi shilingi milioni 10, bila wakili. Mkimbizi wa Nakivale naye ana haki ya kuingia mahakamani kwa mujibu wa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006. Asiambiwe kwamba mgeni hana pa kushtaki.

Limebaki neno moja. Askari wengi na wake zao nao wanafuga, na wako wanaokopa katika vyama vya akiba vya Wazalendo na Exodus kwa ajili hiyo. Siku mzigo wako utakapofika umekufa, wewe ni mnunuzi kama mnunuzi mwingine. Usiende kudai ukiwa umevaa sare, wala usimtume mwenzako wa zamu akakudaie. Piga picha, hesabu, andika, kisha nenda mahakamani ukapange mstari pamoja na raia. Raia atakayekuona hapo atakuwa na sababu ya kuamini kwamba sheria tunayomtaka aifuate ni sheria yetu sisi pia.