Wakili wa bei ya kutupa atakutoka ghali

Umejinyima miaka, Sacco imekupiga jeki, na sasa umepata nyumba ya Sh4 milioni. Halafu unaanza kupigia mawakili simu ukisaka wa bei ya kutupa. Tulia kwanza.

Hapa Kenya ada hiyo haipangwi kiholela. Kanuni za malipo ya mawakili za 2014 zimeweka kiwango cha chini, na sheria inakataza wakili kutoza chini ya hapo. Anayekupunguzia hivyo ameanza kazi yako kwa kuvunja sheria. Utamwaminia hela zako kweli?

Linganisha, ndiyo, lakini linganisha yote. Itisha hesabu kwa maandishi: ada yake, VAT ya asilimia 16, gharama ya kukagua hatimiliki. Ushuru wa stempu, kwa kawaida asilimia 4 mjini, ni wa serikali. Usidanganywe kwamba kuna wakili atakushushia. Uliza pia kama ndiye anayemwakilisha muuzaji. Kisha saka jina lake kwenye tovuti ya LSK uone kama ana leseni ya mwaka huu.

Elfu ishirini unazookoa leo zisije zikakupokonya nyumba kesho.