Msomi wa Biashara na Lugha ya Mteja: Funzo la Kangema

Kila msimu wa mahafali unapowadia, magazeti yetu hujaa picha za wahitimu wa shule za biashara, na vyuo hushindana kutaja majina ya waliofaulu: huyu ni meneja wa benki, yule mwenyekiti wa kampuni, mwingine yuko London au Johannesburg akisimamia fedha za wengine. Orodha hizo zina manufaa yake, kwa maana mti hujulikana kwa matunda yake. Hata hivyo, zina kasoro moja kubwa. Hutuambia mhitimu alifika wapi bila kutuambia alipitia wapi, alizungumza na nani na kwa lugha gani. Makala hii inakusudia kudai kwamba swali hilo la mwisho, yaani swali la lugha, ndilo linalotenganisha mhitimu aliyepanda cheo na mhitimu aliyebadilisha maisha ya watu. Ushahidi wangu nitautoa Kangema, mji mdogo wa Murang'a ulioko kwenye miteremko ya Nyandarua, katikati ya majani chai.

Yafaa tuanze kwa kukiri kwamba biashara haikuletwa Kangema na wenye shahada. Kabla ya shule za biashara kupata sifa nchini, wanaume kutoka Rwathia, katika eneo hilohilo la Kangema, walikuwa wamekwisha kuteremka Nairobi kufanya biashara. Kundi lililokuja kujulikana kwa jina la Rwathia, ambalo Gerald Gikonyo alikuwa mmoja wa viongozi wake, lilijipatia majengo, maduka na hoteli katika barabara ya River Road na mitaa iliyo karibu nayo. Elimu yao ya darasani ilikuwa kidogo. Walichokuwa nacho ni uaminifu miongoni mwao, desturi ya kuchanga mtaji pamoja, na sikio la kumsikiliza mnunuzi. River Road ilikuwa mahali pa kukutana watu wa kila kabila, na aliyetaka kuuza hapo alilazimika kujua Kiswahili. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule ya kwanza ya biashara kwa watu wa Kangema, na ada yake ilikuwa jasho.

Kizazi kilichofuata kilipata bahati ya madarasa. Miongoni mwa wana wa Murang'a waliopitia shule za biashara zenye sifa, Jimnah Mbaru alisomea biashara na sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha akapata shahada ya uzamili katika shule ya biashara ya Lausanne, Uswisi. Alirudi akawa mmiliki wa kampuni ya udalali wa hisa ya Dyer & Blair, na kwa kipindi fulani akawa mwenyekiti wa Soko la Hisa la Nairobi. Chris Kirubi, aliyefariki mwaka 2021, alianza kama muuzaji wa kawaida katika kampuni ya mafuta, akahudhuria mafunzo ya INSEAD na Harvard, na akaishia kuwa mmoja wa wawekezaji mashuhuri nchini. Hizi ni safari za kuheshimika. Wakenya wengi wamepata ajira kwa sababu ya watu kama hawa, na si nia yangu kuwabeza.

Lakini safari inayonivutia zaidi ni ya James Mwangi, mzaliwa wa Kangema wa mwaka 1962. Alilelewa na mama mjane, akasoma shule ya msingi kijijini, akafika Kagumo kule Nyeri kwa masomo ya kidato cha tano na sita, kisha akahitimu shahada ya biashara katika Chuo Kikuu cha Nairobi na kupata cheti cha uhasibu. Mpaka hapo, njia yake haikutofautiana na ya mamia ya wenzake. Alifanya kazi katika kampuni ya ukaguzi wa hesabu, kisha akawa msimamizi wa fedha katika Trade Bank, benki iliyoporomoka mwaka 1993. Ni mwaka huohuo ambapo mkondo wa safari yake uligeuka.

Miaka tisa kabla ya hapo, yaani mwaka 1984, Peter Munga na wenzake walikuwa wameanzisha Equity Building Society mjini Kangema ili kuwakopesha watu wa kawaida fedha za kujengea nyumba. Kufikia mwaka 1993 jumuiya hiyo ilikuwa imefilisika kihesabu. Asilimia 54 ya mikopo yake haikuwa ikilipwa. Ilikuwa na hasara ya shilingi milioni 33 ilhali mtaji wake uliolipwa ulikuwa shilingi milioni 3 tu. Wateja wake, baada ya takriban muongo mzima, walikuwa kama 27,000. Mhasibu yeyote aliyefundishwa vyema angeyatazama mahesabu hayo na kushauri milango ifungwe. Mwangi alikubali kuingia ndani kama mkurugenzi wa fedha.

Yaliyofuata yanajulikana. Jumuiya hiyo iligeuzwa kuwa benki mwishoni mwa mwaka 2004, hisa zake zikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2006, na leo ina matawi katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki na ya Kati. Mwaka 2012 Mwangi alituzwa na Ernst & Young kama mjasiriamali bora wa mwaka duniani. Wanaopenda orodha za mafanikio huishia hapo. Mimi naona kwamba jambo la maana lilitokea katikati, kati ya 1993 na 2004, na halikuwa jambo la hesabu peke yake.

Katika miaka hiyo, benki kubwa za kigeni zilikuwa zikifunga matawi ya mashambani na kupandisha kiwango cha chini cha fedha ambacho mteja alipaswa kuweka. Ujumbe ulikuwa wazi: maskini ni gharama. Equity ilikwenda kinyume. Ilipunguza masharti ya kufungua akaunti, ikapeleka magari yenye huduma za benki vijijini, ikakubali dhamana ambazo benki nyingine zilizicheka. Zaidi ya yote, iliwauliza wateja wanataka nini, ikabadilisha huduma zake kulingana na majibu yao. Mkulima anayepeleka majani chai kwenye kituo cha kununulia, akilipwa kidogo kila mwezi na kungoja bonasi mara moja kwa mwaka, ana kalenda yake ya fedha. Haiwezi kueleweka na mtu aliyeketi ghorofani Nairobi akisoma vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya mfanyakazi wa mshahara wa Chicago. Inaeleweka kwa kuulizwa, na kuuliza kunahitaji lugha.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili tunapopaswa kuinua masikio. Kampeni iliyoifanya benki hiyo ijulikane kote nchini ilisema, "Mimi ni Member". Msafi wa lugha atakunja uso kwa sababu ya neno la mwisho. Hata hivyo, atambue kilichotendeka: benki ilimpa mteja nafsi ya kwanza. Mwenye kusema ni mteja mwenyewe, na anasema kwa lugha ya matatu na sokoni. Mwaka uo huo ambao huduma ya kutuma fedha kwa simu ilizinduliwa nchini, yaani 2007, jina lililochaguliwa lilikuwa M-Pesa. Baadaye zikaja M-Shwari na Fuliza. Wafanyabiashara wamekwisha kung'amua jambo ambalo vyuo vyetu bado vinalisitasitia, kwamba Kiswahili kinauza.

Nasikitika kusema kwamba wamelitambua nusu tu. Kiswahili kinaitwa mlangoni kumkaribisha mgeni, kisha kinaachwa nje mgeni anapofika mezani. Jina la mkopo ni la Kiswahili, tangazo la redio ni la Kiswahili, lakini aghalabu fomu ya mkopo, yenye masharti ya riba, adhabu ya kuchelewa na haki ya benki juu ya shamba lililowekwa rehani, huandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria. Mama anayemdhamini mwanawe hutia kidole mahali alipoonyeshwa. Siku dalali wa mnada anapobisha hodi ndipo anapoelewa maana ya neno mdhamini. Vivyo hivyo, hisa za Safaricom zilipouzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 kila moja, Wakenya kwa mamia ya maelfu walipanga foleni, wengine wakiwa wamekopa. Ni wangapi waliousoma na kuuelewa waraka wa toleo hilo? Kabla mwaka haujaisha bei ilikuwa imeshuka chini ya ile waliyonunulia, na wengi walidhani wameibiwa. Hawakuwa wameibiwa, hawakuwa wameelezwa kwa lugha yao kwamba bei ya hisa hupanda na kushuka.

Katiba ya mwaka 2010 inasema, katika kifungu cha 7, kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Nionavyo mimi, vifungu hivi viwili vikisomwa pamoja vina hoja nzito: habari iliyotolewa kwa lugha asiyoielewa mteja si habari.

Wako watakaopinga. Wa kwanza atasema kwamba Kiswahili hakina istilahi za fedha. Hoja hii haina mashiko. Mtaji, faida, hasara, riba, rehani, dhamana, hundi, hawala, dalali, hisa na gawio ni maneno yenye mizizi, na mengi yake yalitumika katika biashara ya pwani na misafara ya bara kabla Kiingereza hakijawa lugha ya ofisi zetu. Kule Dodoma, waziri wa fedha husoma hotuba ya bajeti ya taifa zima kwa Kiswahili, na haijasikika kwamba hesabu zilikataa kujumlika.

Wa pili, na huyu ana hoja ya kusikilizwa, atasema kwamba mama wa Kangema huzungumza Kikuyu, na kwamba benki ilipata imani yake kwa Kikuyu. Ni kweli. Lugha ya mama ina joto lake, na msomi wa biashara asiyeweza kuzungumza na nyanya yake amepungukiwa. Lakini Kikuyu kingeifikisha benki hiyo Nyeri, Kerugoya na Nyahururu, kisha kikachoka. Equity iliingia Tanzania mwaka 2012, na ikanunua benki Kongo mwaka 2015 na tena 2020. Katika Kongo ya mashariki, kuanzia Lubumbashi hadi Bukavu na Goma, muuza samaki na muuza vitenge hawajui Kikuyu, na Kiingereza hakiwafai kitu. Wanajua Kiswahili. Jumuiya iliyozaliwa katika mji mdogo wa Kangema imejikuta katika eneo ambalo lugha yake ya soko ndiyo somo letu. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo iliidhinisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi. Soko limetangulia, wanasiasa wamefuata. Shule za biashara ndizo zilizobaki nyuma.

Wa tatu atasema kwamba si kila mhitimu anaweza kuwa James Mwangi. Nakubaliana naye kabisa, na ndiyo sababu nachelea zile orodha za watu mashuhuri. Zinamfanya kijana aamini kwamba asipofika kileleni amepotea njia. Murang'a na Nyeri hazihitaji wakurugenzi wakuu elfu moja. Zinahitaji mhasibu wa chama cha akiba na mikopo anayeweza kusimama mbele ya mkutano mkuu wa wanachama na kuwaeleza taarifa ya fedha wakaielewa. Zinahitaji mkaguzi anayeweza kumweleza mkulima wa Kanyenya-ini kwa nini bonasi ya mwaka huu imepungua, na kama kuna mtu wa kulaumiwa, amtaje. Panapokosekana maelezo, wizi hupata maficho. Mhitimu wa namna hii hatatokea gazetini, lakini kazi yake ni ya kudumu.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mwanafunzi wa shahada ya biashara katika vyuo vyetu asome angalau kozi moja ya Kiswahili cha biashara, itahiniwe, na sehemu ya mtihani iwe kumweleza mteja halisi masharti ya mkopo. Pili, wanafunzi wa Kiswahili tusiogope hesabu. Anayejua isimu na uhasibu pamoja atakuwa na soko kuliko anayejua kimoja. Tatu, chama chetu kichukue fomu moja ya mkopo inayotumika nchini, kiitafsiri kwa Kiswahili chepesi, kiipeleke kwa wakulima waisome na kuikosoa, kisha kiwasilishe matokeo kwa mabenki na kwa Benki Kuu. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji kamusi, subira na nauli ya matatu.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Nasi tuongeze kwamba daftari lisilosomeka kwa mwenye mali ni sawa na kukosa daftari. Tunapoulizwa wahitimu wa shule za biashara wamefika wapi, tuwe na ujasiri wa kuuliza pia: wateja wao, je, wamefika pamoja nao?