Mmemnyang'anya Bibi Akili Yake

Nimechoka na bibi wa kwenye hadithi zetu. Mnamjua. Amekaa mkekani, kanga imepauka, macho nusu yamefumba. Analetewa mgonjwa aliyeshindikana hospitali, anamwekea viganja kichwani, "anasikia" kitu ambacho daktari hakisikii, mgonjwa anafumbua macho. Mwisho. Sisi wasomaji tunalengwalenga machozi, tunasema mwandishi katurudisha kwenye asili. Hakuna anayeuliza huyo bibi anajua nini.

Nina haki ya kuchoka, kwa sababu bibi huyo nimemwandika na mimi. Nitafika huko.

Kilichonitibua safari hii ni rafiki yangu aliyerudi kutoka mafunzo ya tiba ya mikono inayoitwa kraniosakro, yaani fuvu na mfupa ulio juu ya kifandugu. Mgonjwa analala chali na nguo zake, mtoa tiba anamshika kichwa kwa mguso mwepesi sana, wenyewe wanasema gramu 5 hivi, halafu anasikilizia mdundo wa majimaji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Rafiki yangu akanieleza kwamba mikono yenyewe haifanyi kitu. Kinachofanya kazi ni fahamu: unanyamaza ndani, roho inapita. Kisha akaongeza, kama mtu anayenipa zawadi: "Bibi yako wa Nyamisati alikuwa anafanya hivihivi."

Hapana. Hakuwa anafanya hivihivi.

Tiba hiyo ina ukoo wake, na ukoo huo hauna uhusiano na delta ya Rufiji. Ilizaliwa Marekani. William Garner Sutherland, akiwa bado mwanafunzi wa osteopathia mwishoni mwa karne ya 19, alitazama kingo za mifupa ya fuvu akakumbuka matamvua ya samaki, yale yanayofunguka na kufunga. Kwa hiyo, akawaza, fuvu nalo linapumua. Baadaye akaanza kuzungumzia pumzi ya uhai inayoyasukuma majimaji hayo. Miaka ya 1970 John Upledger akaichukua fikra hiyo, akaifundisha hata kwa wasio madaktari. Shida ni kwamba watafiti walipowapa watoa tiba mtu yuleyule wauhesabu mdundo wake, hesabu zao hazikulingana. Wavuvi wetu wameona matamvua mengi kuliko Sutherland, na sijasikia hata mmoja aliyerudi nyumbani akamwambia mkewe kichwa chake kinapumua.

Sisemi watu hawapati nafuu. Kulala saa nzima mahali patulivu, mtu amekushika kichwa bila haraka na bila kukuuliza ada ya shule, jamani, nani asingepata nafuu? Ugomvi wangu ni pale nafuu hiyo inapogeuzwa kuwa elimu ya mifupa. Halafu elimu ya kweli, ya mtu kama bibi, inageuzwa kuwa roho tupu.

Bibi alikuwa mkandaji. Nyumba yake haikuwa mbali na pale mashua za visiwani zinapofikia, na kazi yake, kama kila kitu Nyamisati, ilifuata maji. Yakijaa, wagonjwa wanafika. Yakikupwa, mashua zinalala kwenye tope kati ya mikoko, na aliyekwama kisiwani amekwama mpaka maji yarudi. Alichua viuno vya wabeba mizigo, alikanda wazazi kwa mafuta ya nazi, na aliletewa watoto wachanga wenye utosi uliobonyea.

Utosi wa mbele hufunga kati ya mwaka mmoja na miwili hivi. Kabla ya hapo ni ngozi na utando tu juu ya ubongo, na mtoto akiharisha na kutapika akaishiwa maji, pale panabonyea. Wapo waliotibu shimo lenyewe: kulipaka dawa, kulisomea, kulisubiri lipande. Bibi aliweka kiganja pale, akasema bismillahi, halafu mkono ukaanza kazi. Nilikuwa na miaka kumi na moja nilipomwona akifanya hivyo kwa mtoto mmoja wa visiwani. Alimfinya ngozi ya tumbo akatazama inavyorudi polepole. Akachungulia kinywa. Akamwuliza mama, "Mwanangu, kakojoa saa ngapi?" Mama hakumbuki. "Akilia machozi yanatoka?" Hayatoki.

Akaondoa mkono. "Hapa hapana kazi yangu. Utosi haupandi kwa mkono, unapanda kwa maji." Akachemsha lita 1, akapoza, akatia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, kipimo alichofundishwa kliniki, akamkabidhi mama kijiko: ampe kidogokidogo njia nzima mpaka hospitali. Mama akataka kwanza mtoto asomewe. Bibi akamjibu, "Nitamsomea huku mkienda."

Miaka ishirini baadaye nikaandika hadithi. Mnaikisia. Bibi aliweka mkono, macho yakafumba, na utosi ukapanda chini ya kiganja chake kama mkate. Ilisifiwa. Binamu yangu akaenda kumsomea bibi mwenyewe, mpaka mwisho. Alikaa kimya, kisha akauliza, "Na yale maji yako wapi?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina la kunitosheleza. Niliyaondoa maji kwa sababu yaliharibu uzuri. Kijiko hakina fumbo.

Mtasema ninaleta dharau ya wasomi, kwamba ninamvua bibi imani yake. Imani yake naijua kuliko nyinyi. Hakugusa mtu bila udhu. Akiwa na hasira alimwambia mgonjwa arudi kesho. Bismillahi ilimtuliza yeye kwanza, na mikono iliyotulia inahisi vizuri zaidi. Hapo tu, rafiki yangu wa kraniosakro, tunaelewana: hali ya ndani ya anayegusa ina maana. Lakini kwa bibi utulivu ulikuwa mlango wa kuingilia kwenye kazi. Nyinyi mnabaki mlangoni na kusema ndiyo nyumba.

Na kubaki mlangoni kuna gharama. Pwani nzima tunaijua degedege. Mara nyingi mtoto yule ana malaria kali, ila wapo walioshikilia kwamba ni shetani, na kwamba akichomwa sindano atakufa. Wakamchua, wakamfukiza, maji yakakupwa. Hadithi yangu ilikuwa upande wa watu hao, iwe nilikusudia au la.

Msiniambie fasihi haiwezi kubeba roho na akili kwa pamoja. Bonde hilihili la Rufiji lilimtoa Kinjikitile wa Ngarambe, na Ebrahim Hussein alipomwandikia tamthilia mwaka 1969 hakumfanya mtu wa kupagawa tu. Alimpa mashaka. Kinjeketile wa jukwaani anaogopa neno lililotoka kinywani mwake mwenyewe, anataka watu wasubiri, na wanaomwamini ndio wasiomsikiliza. Yule ni mtu wa mizimu mwenye kichwa kinachofikiri, na maji yake tunayabishania hadi leo. Sisi tuliokuja baada ya Hussein tumeandika mabibi wangapi wenye shaka? Wangapi waliowahi kusema, "Hapa hapana kazi yangu"?

Hadithi ile nimeifungua tena. Nimeingiza sufuria, sukari, chumvi na ile mashua inayowahi maji. Imekuwa ndefu, na mhariri mmoja ameshaniambia sehemu ya kijiko inapunguza nguvu. Nimekataa kuitoa. Bibi hayupo tena wa kunisahihisha, na sijajua bado kama mtoto yule niandike alifika.