Insha ya Kisima cha Langas



Katika somo la uandishi, baadhi ya wanafunzi wa vyuo hupewa mwishoni mwa muhula kazi ambayo wengi wetu hatukuipata zama zetu. Mwanafunzi huambiwa azikusanye insha zake zote, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, azisome upya, kisha aandike insha nyingine ya kueleza amekua vipi katika uandishi wake. Ukiitazama kwa juu juu, kazi hii ni nyepesi. Juma hili twapenda tuiangalie kwa karibu, kwani imetufikia kupitia kwa binti wa jamaa zetu, naye ametupa idhini ya kuyasimulia haya pasi na kulitaja jina lake wala la chuo chake.

Kwanza tukumbuke watoto wetu wanatoka wapi. Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya Insha ya Kiswahili hubeba alama 40. Mtahiniwa huandika insha mbili, ya kwanza ikiwa ni ya lazima, na kila moja haifai kupungua maneno 400. Muda ni saa moja na dakika 45. Kwa haraka hiyo, mtoto hujiwekea akiba ya maneno: jogoo la kwanza liliwika, jua lilichomoza kwa madaha, umati ulifurika furifuri. Akiba hiyo humvusha mtihani, nasi hatuwalaumu walimu wanaompa. Lakini mtoto huondoka shuleni akidhani kwamba kuandika ni kuyapanga maneno mazuri ya watu wengine.

Binti yetu huyu amelelewa Mji wa Kale, Mombasa, akaenda Eldoret kusomea ualimu wa Kiswahili. Alipanga chumba Langas, kwa kuwa kodi ni nafuu. Langas ni mtaa mkubwa wa watu wa kipato cha chini, kando ya barabara iendayo Kisumu. Wamejaa humo watu wa makabila mengi, na ni miongoni mwa mitaa iliyoumia sana katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Eldoret yenyewe ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2024, ila katika ploti nyingi za Langas maji bado huchotwa kisimani kwa kamba na ndoo.

Insha yake ya kwanza ilitakiwa ieleze mahali anapoishi. Aliandika kurasa mbili na methali sita. Mandhari yalivutia, upepo ulivuma kwa upole, wakazi walikuwa wakarimu. Mhadhiri hakuiwekea alama. Aliandika pambizoni: "Binti, hapa ni wapi? Nawe ulikuwa umesimama wapi?"

Alimpigia mamake simu huku akilia. Mama akamsikiliza, kisha akamwambia, "Mwanangu, juzi si ulinieleza habari za kisima cha hapo kwenu mpaka nikaogopa? Mbona hayo hukuyaandika?" Akajibu, "Mama, hayo si ya insha." Mama akasema, "Basi ya insha ni yapi?"

Akaandika insha ya pili, juu ya kisima. Alihesabu hatua kutoka kisimani hadi kwenye choo cha shimo wanachotumia wapangaji wote: zilikuwa kumi na moja. Safari hii maneno yalikuwa yake mwenyewe, lakini yalijaa hasira. Aliwashutumu majirani kwa uchafu, akamshutumu mwenye nyumba kwa uroho. Mhadhiri akauliza tena pambizoni: "Umemuuliza nani?"

Hakuwa amemuuliza mtu yeyote. Basi akaanza kuuliza. Katika maktaba ya chuo alipata utafiti wa Elizabeth Kimani-Murage na Augustine Ngindu, uliochapishwa mwaka 2007, ambao ulihusu maji wanayotumia watu wa Langas yenyewe. Watafiti hao walikuta kwamba sehemu kubwa ya visima vifupi walivyovipima ilikuwa na vijidudu vitokanavyo na kinyesi, na kwamba visima na vyoo vya shimo vimekaribiana mno. Kumbe zile hatua kumi na moja hazikuwa kioja cha ploti yake pekee. Zilikuwa hali ya mtaa.

Kisha akamwendea mama wa chumba cha pili, mwenye watoto wanne, akamwuliza kwa adabu kwa nini hanunui maji ya mfereji. Mama yule alimweleza hesabu zake bila kuficha. Maji ya mkokoteni hulipiwa kila mtungi, kila siku. Ya kisimani hayana malipo. Kuyachemsha kwataka makaa, na makaa hununuliwa. Kwa hiyo huyachemsha ya mtoto mchanga peke yake, na wakubwa hunywa vivyo hivyo. Binti akatambua kwamba alichokiita uchafu kilikuwa ni hesabu ya mama anayegawa kidogo alichonacho.

Insha ya tatu ilibeba yote mawili, utafiti na hesabu za jirani, na shutuma zikapungua. Kazi ya nne ndiyo iliyotugusa zaidi. Wanafunzi walitakiwa waandike ukurasa mmoja kwa watu watakaoutumia. Yeye aliwaandikia wapangaji wenzake. Hakutumia methali hata moja. Alieleza kwamba uchafu wa shimo la choo hupenya ardhini hadi kisimani, hasa nyakati za mvua. Kwamba maji yaweza kuwa meupe machoni nayo yana madhara. Kwamba mtu asiyemudu makaa aweza kutumia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Na kwamba kisima kifunikwe, kiwe na ndoo yake moja isiyowekwa chini. Aliubandika ukurasa ule langoni, na jioni akawasomea kina mama waliokuja kuchota.

Hatuna habari ya muujiza ya kuwapa. Mama mmoja alimwambia, "Maneno mazuri, lakini dawa hiyo utatununulia wewe?" Katika nyumba sita, tatu zilianza kutia dawa. Mwenye nyumba aliahidi mfuniko, na mpaka binti anakusanya kazi zake, mfuniko ulikuwa haujafika. Yote hayo aliyaandika katika ile insha ya mwisho ya kujitazama. Aliongeza kwamba mwanzoni alikuwa akimwandikia mtahini, na sasa anamwandikia mama wa chumba cha pili, na kwamba huyo wa pili ni msomaji mgumu zaidi, kwa sababu ana haki ya kumjibu.

Wasomaji wetu, tumeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu kuna biashara inayowazunguka watoto wetu. Hapa Kenya vijana wengi wasomi hujipatia riziki kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo. Filamu ya mwaka 2024 iitwayo The Shadow Scholars imeyaonyesha maisha yao. Huduma hiyo sasa yauzwa vyuoni mwetu pia, na asiye na fedha ana programu za kompyuta zinazomwandikia ukurasa kwa nukta chache. Mzazi aliye Lamu au Malindi hataona tofauti, maana alama huja zile zile.

Tofauti ipo. Insha ya kununua ingeandikwa vizuri, lakini isingehesabu hatua kumi na moja, wala isingegonga mlango wa jirani na kumsikiliza akieleza bei ya makaa. Binti angepata alama, na wanafunzi wake wa kesho wangepata mwalimu asiyejua kuuliza. Tena ile kazi ya mwisho, inayomtaka mtu ashuhudie ukuaji wake mwenyewe, akiandikiwa na mwingine huwa ni ushahidi wa uongo, nasi twajua uzito wake katika dini yetu.

Na kalamu si jambo geni kwa wanawake wa mwambao. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utendi wake mnamo mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Alikuwa na msomaji mmoja mbele yake, tena aliyempenda, na utendi huo ungali wasomwa hadi leo. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui naye, alipoanzisha gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, aliwaandikia watu wa mji wake juu ya mambo ya mji wao. Shaaban Robert aliona insha ina thamani kiasi cha kuitungia kitabu kizima, Kielezo cha Insha. Katika Qur'ani Tukufu iko sura iitwayo kwa jina la Kalamu. Binti anayeandika kwa mkono wake mwenyewe anaendeleza kazi iliyoanzwa zamani.

Wazazi, hasa kina mama, mna nafasi katika jambo hili hata kama hamkupita chuoni. Mama wa binti huyu hakumfundisha sarufi. Alikumbuka tu lile alilosimuliwa kwa simu, akauliza kwa nini halimo kwenye karatasi. Mtoto akipiga simu, msiulize alama peke yake. Mwambieni awasomee alichoandika, na pale msipoelewa, semeni wazi kuwa hamkuelewa. Akija likizo, aje na karatasi zake za mwanzo zenye alama za kalamu nyekundu, zile ambazo angependa kuzificha. Ziwekeni pamoja na za mwisho, mzisome kama familia baada ya chakula cha jioni, na wadogo zake wasikie. Watajifunza mapema kwamba dada yao hakuzaliwa akijua, na kwamba kurudia kazi si aibu.

Binti yetu anarejea Langas juma lijalo kwa muhula mpya. Ametuambia kwamba jambo lake la kwanza ni kumwandikia mwenye nyumba barua ya kumkumbusha mfuniko. Amekwisha kuandika rasimu mbili, na ya pili ni fupi kuliko ya kwanza. Twamwombea Mwenyezi Mungu amfungulie, amlinde safarini, na awalinde majirani zake kwa maji salama. Amin.