MCHUMAJI NA ALALE

Msimu wa karafuu ufikapo, mji wa Wete na vijiji vyake hukesha. Tangu alfajiri watu wamo mikarafuuni. Jioni hurejea na mapakacha yao, na baada ya chakula jamaa nzima huketi jamvini kuchambua, karafuu upande huu na makonyo upande ule. Kazi hiyo haingoji, kwani karafuu mbichi zikirundikwa usiku kucha huchacha, zikapoteza rangi na bei. Basi huchambuliwa mpaka usiku wa manane, na kulipopambazuka mchumaji yule yule hurudi mtini.

Twawasifu wananchi kwa bidii hiyo. Hata hivyo yatupasa kusema wazi kwamba bidii isiyo na usingizi ni hatari.

Mwaka 2003 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, waliwachunguza watu waliolala saa 6 au 4 tu kila usiku kwa siku 14. Mwishoni akili zao zilikuwa nzito kama za watu waliokesha usiku mzima, hata siku mbili mfululizo. Lililo baya zaidi, wenyewe hawakutambua kiasi walichodhoofika. Kabla ya hapo, mwaka 1997, wataalamu wa Australia walionyesha kwamba aliyekesha saa 24 hutenda kazi sawa na mtu mwenye pombe ya asilimia 0.10 katika damu.

Maana yake ni kwamba mtu asiyeonja kileo maishani mwake aweza kupanda mkarafuu akiwa na akili ya mlevi, na aape kuwa yu mzima. Ubongo uliochoka husinzia nukta chache, pengine macho yakiwa wazi. Matawi ya mkarafuu ni mepesi kuvunjika, na nukta hizo zatosha kumwangusha mtu.

Kwa hiyo twashauri kazi igawanywe. Apandaye mchana asichambue usiku. Wachambue wale watakaobaki chini kesho yake. Watoto wa skuli nao waachwe walale mapema, kwa kuwa ni usingizini ubongo unapoyaimarisha waliyofundishwa mchana.

Hakuna mwenye shamba atakayemruhusu mlevi kupanda mti wake. Aliyekesha naye asiruhusiwe, hata akisema hana usingizi.