Butembo na Beni: shule ya chekechea tuipime kwa nini?

Kila mwanzo wa mwezi wa tisa, wazazi wa Butembo na Beni wanaulizana swali moja: ni shule gani ya chekechea iliyo bora? Mmoja anasifu majengo, mwingine sare, mwingine anasema kule watoto wanajua Kifaransa mapema. Kwa maoni yangu, tunapima vibaya.

Tangu mwezi wa tisa 2019, shule ya msingi ya umma ni bila malipo, kufuatana na kifungu cha 43 cha Katiba yetu. Lakini kifungu hicho kinataja shule ya msingi tu. Chekechea, ambayo sheria ya elimu ya 2014 inaipangia miaka mitatu, imebaki kwenye mabega ya mzazi. Ndiyo maana hata kati ya shule za umma, ziwe za serikali moja kwa moja ama zinazosimamiwa na makanisa, tofauti inatoka mfukoni mwa wazazi.

Sasa mfikirie mama aliyekimbia mauaji upande wa Eringeti na Oicha, ama yule aliyetoka Kanyabayonga M23 walipoingia mwezi wa sita 2024. Ameacha shamba, analala kwa jamaa. Mtoto wake wa miaka saba ana haki ya kusoma bure. Yule wa miaka minne anabaki uani, mama akitafuta kibarua. Huyu mdogo ndiye anayehitaji zaidi mahali pa kuimba, kucheza na kusahau milio ya risasi.

Kwa hiyo mimi ninauliza haya: Mwalimu mmoja ana watoto wangapi? Kuna maji ya kunawa, kama tulivyozoea wakati wa Ebola? Mtoto anayejua Kinande tu anaeleweka? Na asiye na karatasi wala pesa anapokelewa?

Najua, mwalimu asiyelipwa na serikali anaishi kwa pesa za wazazi. Kumwambia afundishe bure ni kumdhulumu. Lakini mkurugenzi anaweza kubandika mlangoni bei yote tangu siku ya kwanza, na kamati ya wazazi inaweza kutenga nafasi chache kwa watoto wa wakimbizi katika kila darasa. Serikali nayo iwalipe walimu hao.

Ndugu msikilizaji, ukipita mbele ya shule ya chekechea ya mtaani kwako, usitazame rangi ya ukuta. Tazama nani amebaki nje ya mlango.