Mhariri, Jina Langu Liko Wapi?

Nimerudi Dar na deni. Siyo la pesa (hayo nayo yapo, si unajua tena), ni deni la jina la mtu.

Nilikwenda Korogwe kwenye harusi ya binamu yangu. Kwa kuwa mhariri hana likizo, nikaona niwaulize wapiga picha wa huko swali lililonikaa kichwani siku nyingi: likianzishwa jarida zuri la Kiswahili la upigaji picha, wangependa liwe na nini ndani? Nilijiandaa kusikia Nikon na Canon, lenzi ndefu, megapikseli. Nilichemsha.

Wa kwanza alikuwa mzee mwenye studio ndogo karibu na stendi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Paspoti au postikadi?"

Nilipojitambulisha alicheka, akavuta droo na kutoa jarida letu hili hili, toleo moja la harusi. Akafungua ukurasa wenye bi harusi amesimama kando ya mto Pangani, jua la jioni liko nyuma yake. Chini tuliandika: picha kwa hisani ya familia.

"Hii nimepiga mimi," akasema taratibu, wala hakuwa na hasira. "Nilimwonyesha mjukuu wangu. Akaniuliza, babu, jina lako liko wapi?"

Dah! Nilitamani ardhi ipasuke. Bi harusi alituletea picha, tukaipenda, tukaichapa. Hakuna aliyeuliza nani kapiga. Na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaitambua picha kuwa kazi yenye mwenyewe, kama ulivyo wimbo au kitabu. Mimi niliyesomea mawasiliano chuo kikuu sikuwa na pa kujificha.

Mzee hakutaka hela. Alisema jarida lake liwe na kitu kimoja kwanza: kila picha na jina la mpigaji, mahali na mwaka. "Mohamed Amin tunamjua kwa nini?" akaniuliza. Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na hapo Dar ndipo alipoanzisha kampuni yake ya Camerapix mwaka 1963. Picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zilizunguka dunia nzima, na jina lake likazunguka nazo.

Harusi yenyewe ilipigwa picha na vijana wawili wa Handeni, kaka na dada yake. Kesho yake wakanialika kwao nikazione kabla hazijasafishwa, nami nikapanda gari, kilomita kama 65. Swali likawa lile lile. Yule dada akaniletea nakala ya mtumba ya Amateur Photographer, jarida la Uingereza linalotoka tangu mwaka 1884. Kurasa sita za namna ya kupiga picha kwenye theluji.

"Dada, theluji nitaiona wapi, Mkata?"

Anachotaka ni kufundishwa jua la Handeni la saa saba mchana. Bi harusi mweusi wa kung'aa, shela jeupe pee, bwana harusi kavaa suti nyeusi. Kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso wa bibi unazama gizani. Ukipimia suti, shela linaungua, lesi yote inapotea. Yeye hupimia uso, huwasogeza maharusi kwenye kivuli cha mwembe, na mdogo wao hushika shuka jeupe la kurudishia mwanga. Kajifunza mwenyewe, kwa kuharibu harusi za watu.

Wala kosa halikuanzia kwake. Kodak ya Marekani kwa miaka mingi ilipeleka kwenye maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley. Shirley akitoka vizuri, basi, rangi ziko sawa. Mama zetu kwenye albamu za zamani wamebaki macho na meno.

Kaka mtu alitaka ukurasa wa bei na mikataba. Kamati inalipa ukumbi, MC, keki na vinywaji, mpiga picha anaambiwa "tutamalizana". Mnaohusika mnajijua! Alitaka pia maelezo ya kutambua betri na memori kadi feki.

Niliwaambia ukweli: jarida zima la picha, la karatasi, sioni litauzwaje. Hata Popular Photography ya Marekani iliacha kuchapwa kwenye karatasi mwaka 2017. Dada hakukubali. "Kwenye simu mteja anaona picha ndogo kama kiganja, halafu anataka punguzo. Nikiweka jarida mezani, anaona ukubwa wa kazi."

Sijashawishika sana, ila kuanzia toleo lijalo nawapa kurasa mbili, na somo la kwanza ni la shela na jua la mchana.

Nilipita tena studio kwa mzee kuomba radhi, nikamwuliza kama nimtaje kwenye safu hii. Akakataa.

"Jina la picha linakaa chini ya picha, mwanangu."

Kwa hiyo simtaji hapa. Picha ya mto Pangani itarudi mwezi ujao, ukurasa mzima, na jina lake chini.